Salamu Kwanza, Ufunguo Baadaye

Nisalimieni kwanza. Siyo ile salamu ya kuinua kidole huku macho yako kwenye simu. Nisalimieni vizuri: shikamoo Mama, umeamkaje, goti linaendeleaje, Halima na wanawe hawajambo, huko kwenu Mgeta mvua imeanza? Mimi nitaitikia yote, kisha nitawauliza ya kwenu, mmoja mmoja. Tukimaliza zitakuwa zimepita kama dakika mbili, na hapo mtakuwa mmeshajifunza jambo kubwa kuliko yote kuhusu gari lenye turbo. Mnacheka. Haya chekeni, nitafika huko.

Mimi ni fundi. Nasema ni fundi, sisemi nilikuwa, ingawa hospitali wamenikataza kuinama na mwanangu Halima ameficha ovaroli yangu mahali ambapo anadhani sipajui. Nimeshika spana katika mji huu wa Morogoro tangu nikiwa msichana, kwanza kwenye karakana ya shirika la umma, halafu kwenye gereji yangu mwenyewe pale Msamvu, barabara ya Dodoma inapoachana na ya Iringa. Nimefungua malori, matrekta, mabasi na pikipiki za mapadre. Lakini watu wa hapa wakinitaja, wananitaja kwa gari moja tu, dogo, la bluu, la mwendo mkali, ambalo halikuwa hata langu. Najivunia gari lile hadi leo. Ndilo pia lililonipa aibu kubwa kuliko zote nilizopata kazini, na kwa kuwa ninyi mnajifunza kazi hii, nimeona niwape yote mawili.

Tazameni mkono wangu huu. Ni mdogo. Siku niliporipoti karakanani, msichana peke yangu kati ya wanaume kumi na saba, waliguna waziwazi. Mmoja aliniuliza kama nimepotea njia ya kwenda jikoni. Mkuu wa karakana, Mzee Kasiani, Mluguru mwenzangu aliyezeekea kwenye mitambo ya mashamba ya mkonge upande wa Kingolwira, hakuguna. Aliushika mkono wangu, akaugeuza mbele na nyuma, akasema kwa ile lafudhi yake ya milimani, "Huu utapita nyuma ya altaneta bila kufungua redieta. Mpeni ovaroli." Basi, ndivyo nilivyoanza. Wale walioguna wakawa ndio wa kwanza kuniita kila nati inapoangukia mahali vidole vyao havifiki. Mzee Kasiani alikuwa akiwatania kwamba sisi Waluguru tunarithi mashamba kwa upande wa mama, kwa hiyo wasishangae na spana zikifuata njia hiyo hiyo.

Ilikuwa miaka ya shida ya mafuta. Ninyi hamjui. Petroli ilitolewa kwa kibali, Jumapili mchana magari ya binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani, na dereva akiacha lori linanguruma bure aliweza kuandikiwa barua ya onyo. Mzee Kasiani alitufundisha mambo mawili ya kubana mafuta. La kwanza, kuteremka Uluguru na lori la kabichi kwa mteremko tu: unazima injini, unaweka gia huru, unapambana na breki nzito na usukani mgumu mpaka unafika chini. Nilikuwa hodari wa mchezo huo, na nikisikia mmoja wenu kaujaribu nitamchapa bakora na ukubwa wake. La pili, gari lolote likiingia getini kwetu, aliye karibu anapitisha mkono dirishani na kuzima ufunguo kabla dereva hajavuta hendibreki. Dereva akishtuka, tunamwambia karibu. Ikawa mashindano, nani atazima wa kwanza, na mkono huu mdogo ulikuwa mwepesi kuliko yote. Kwa miaka zaidi ya kumi nilizima magari ya watu kama wengine wanavyopokea mizigo ya wageni.

Kulikuwa na desturi nyingine pale karakanani ambayo sijaiona kwingine. Ukutani palikuwa na ubao mweusi wa shule. Jumamosi tukifunga kazi, kila aliyeharibu kitu wiki ile alikwenda kuandika kosa lake kwa chaki, kwa mkono wake, na jina lake, kisha akalisoma kwa sauti mbele ya wote. Hakuna aliyeruhusiwa kuandika kosa la mwenzake. Mkisha kucheka, imekwisha, Jumatatu ubao unafutwa na hakuna anayekukumbusha tena. Mzee Kasiani mwenyewe niliwahi kumwona akiandika kwamba amesahau kukaza nati za gurudumu la trekta, na gurudumu likatangulia kufika shambani. Tulicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Bidhaa zikafurika, mashirika yakaanza kuuzwa, na karakana yetu ikauzwa pamoja na mashine zake. Siku ya mwisho kila mtu aliomba cha kuondoka nacho. Wengine walichukua jeki, wengine vaisi ya kubania vyuma. Mzee Kasiani, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuchoka na kifua kinambana, aliniuliza mimi nataka nini. Nikamwambia ule ubao. Akaniambia niuchukue na chaki zake. Nikautundika kwenye gereji yangu mpya Msamvu, na nataka mjue ukweli: kwa mwaka mzima na zaidi sikuandika hata herufi moja juu yake. Nilikuwa mkuu wa gereji sasa, nani atamsomea mkuu makosa?

Ndipo akaja Daktari Mbise. Huyu alikuwa Mmeru, mhadhiri wa kilimo, daktari wa mbegu na si wa sindano, ingawa jirani zangu hawakuelewa tofauti hiyo na kila alipokuja gereji palikuwa na mtu wa kumwonyesha jino. Alikuwa ametoka kusoma Japani, na wakati wa kurudi akaja na gari. Wenzake walirudi na magari ya kubebea familia. Yeye alirudi na kigari cha milango miwili, kimelala chini kama paka anayenyemelea, na juu ya boneti kina tundu la kuvuta hewa. Ukikanyaga mafuta, kinapiga mluzi kabla ya kuondoka. Watoto wa Msamvu wakakiita Filimbi, na jina likakaa.

Mluzi ule ndio turbo yenyewe. Kwa asiyejua nieleze kwa ufupi. Moshi unaotoka kwenye injini kwa kasi unazungusha kifeni kidogo. Kifeni hicho kimeunganishwa kwa shafti, yaani fimbo ndogo ya chuma, na kifeni cha pili, ambacho kinasukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye injini, na injini ndogo inapata nguvu za injini kubwa. Shafti ile inazunguka kwa kasi ambayo akili inakataa, katika moto mkali, na kinachoilinda isisagike ni oili tu inayopita pale bila kukatika. Shikeni hapo kwenye oili.

Daktari alilipenda gari lile waziwazi, bila kuona haya, na mimi napenda mtu wa hivyo. Aliliosha mwenyewe. Alipima upepo wa tairi kila wiki kwa geji yake. Kila Jumamosi alfajiri alitoka Msamvu akashika barabara ya Iringa, akalinyoosha hadi karibu na Mikumi, akageuka kabla ya mbuga kwa sababu ya wanyama, akarudi. Kutoka huko alikuja moja kwa moja kwangu nilikague. Nilikuwa nasikia mluzi ukiwa bado mbali, naacha kila kitu, nasimama getini. Filimbi likiingia, moto unalitoka hata kwenye rimu, mimi mkono dirishani, tii, nimelizima. "Karibu Daktari." Naye anasema, "Shikamoo Mama Halima," na kuutazama ufunguo, kama mtu aliyetaka kuongeza neno akaghairi. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama minane.

Kwa gari lile nilijifunza upya kazi niliyodhani naijua. Nilizoea oili nzito ya malori, nikamtilia hiyo hiyo, asubuhi ya kwanza ya baridi injini ikagoma kama ng'ombe. Daktari akanifundisha kusoma namba kwenye kopo, na mimi nikamfundisha kulinusa kopo lenyewe na kulisugua tone katikati ya vidole, maana miaka ile ya ruksa hata mafuta ya kupikia yaliuzwa kama oili kwenye kopo zuri. Nilimfundisha kuweka bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini wake sikioni, asikilize beringi moja moja. Filta ya hewa tulikuwa tunaikung'uta kila wiki kwa vumbi letu hili jekundu. Kuna mluzi mzuri na mluzi mbaya. Mzuri unapanda na kushuka bila kukwaruza. Nikawa naweza kusema nikiwa nimekaa kwenye benchi langu kwamba hozi ya hewa imelegea, na kweli tukifungua tunaikuta imelegea.

Sifa zikafika Dar. Vijana wa huko wenye magari ya namna ile wakaanza kuja. Nakumbuka mmoja, miwani myeusi, viatu vyeupe, alinikuta nimefunga kanga juu ya ovaroli nakunywa chai.

"Mama, samahani, fundi wa turbo yuko wapi?"

"Yupo."

"Tumwite basi, tuna haraka."

"Nisalimie kwanza, yeye ndiye huyu anayekunywa chai."

Alinisalimia akiwa ametazama chini. Nilimtengenezea gari lake likatulia, na tangu hapo kila akileta mwenzake alikuwa anamwonya njiani.

Sasa nifike kwenye lile lililonipata. Siku moja Daktari alikuwa anakwenda kutazama mbegu za wakulima upande wa Mgeta, nami nikaomba lifti nimwone mama yangu. Njia ni mbovu, kigari kiko chini, tulipanda taratibu kama tumebeba mayai. Wakati wa kurudi tulipouanza mteremko nikamwambia, "Zima, Daktari, weka gia huru. Tuteremke bure." Alicheka kwa adabu akasema hapana, breki za gari hili zinasaidiwa na injini, akizima mguu hautatosha. Halafu akashusha kile kibao cha kuzuia jua mbele yake. Kilikuwa na karatasi imebandikwa, maandishi ya Kijapani, ambayo siku zote nilidhani ni dua ya safari.

"Mama, hapa wameandika kwamba ukitoka kwenye mwendo mkali usizime hapo hapo. Uliache lingurume kidogo limesimama, dakika moja au mbili, turbo ipoe huku oili ikipita. Nilikuwa nataka kukuambia."

Mngenisikia nilivyomjibu. "Hao Wajapani hawajawahi kupanga foleni ya petroli," nikamwambia. "Gari halipumziki kwa kunguruma, Daktari. Linapumzika likizimwa. Nimefanya kazi hii kabla wewe hujapata leseni." Nilisema kwa kicheko, lakini nilimaanisha kila neno. Alirudisha kibao mahali pake, akaniuliza habari za mama yangu. Jumamosi iliyofuata Filimbi likaja getini likiwa moto, nikalizima.

Baada ya miezi kadhaa mluzi ukaanza kukwaruza. Kisha Jumamosi moja Filimbi halikuja kwa mluzi, lilikuja kwa moshi wa bluu, mzito, barabara nzima ya Iringa haionekani nyuma yake, na nguvu hakuna. Gereji ilikuwa imejaa watu. Wahadhiri watatu waliokuwa wameletwa kwangu na Daktari mwenyewe walikuwepo na magari yao, na abiria waliokuwa wakisubiri mabasi nao wakasogea. Shabani, fundi niliyekuwa nafanya naye kazi tangu karakanani, akafungua boneti. Nami nikasimama mbele ya watu wote, mikono kiunoni.

"Daktari, unaliendesha hili gari kama unakimbiza mwizi. Nimekuvumilia sana. Turbo umeiua mwenyewe kwa mguu wako."

Watu wakacheka. Daktari akatazama chini, akafuta miwani yake kwa shati, akasema, "Nisamehe Mama Halima. Nitakwenda Dar kutafuta nyingine." Akaondoka kwa miguu kwenda kupanda basi, mtu mzima yule, mbele ya wenzake.

Jumatatu nikaifungua turbo ya zamani kwenye benchi. Nilitegemea kuona kifeni kimekatika, kazi ya mguu mzito. Kifeni kilikuwa kizima. Nikaitoa shafti. Kote kwenye beringi palikuwa na kitu cheusi, kigumu, kimeganda, nakikwangua kwa bisibisi kinatoka vipande vipande. Wanawake mnaopika mnaujua ukoko ule wa chini ya sufuria iliyosahauliwa motoni. Ndivyo ilivyokuwa, ila huu ulikuwa wa oili. Oili haiungui hivyo ikiwa inatembea. Inaungua ikisimama mahali penye moto. Na inasimama pale injini inapozimwa.

Nilikaa. Nikauangalia mkono wangu huu, umeshika bisibisi. Kila Jumamosi, moto mkali, dirishani, tii. Karibu Daktari. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba Shabani aliniuliza kama nimejikata.

Nikamwonyesha. Shabani hakuwa mjinga, alielewa mara moja. Akafunika ile shafti kwa kitambaa. "Mama, Daktari hajui hili. Tunafunga mpya, unaacha kulizima, basi, limekwisha. Ukisema, wale wahadhiri wote wataondoka na magari yao kesho. Kuna wanaume mji huu wanangoja miaka mitatu wasikie mwanamke ameua turbo."

Alisema kweli tupu. Gereji ilikuwa changa, na jina langu ndilo lililokuwa kibao chake. Wiki nzima nilijipa sababu. Nilijiambia petroli ya kuchakachua ilichangia. Nilijiambia hata yeye mguu wake si mwepesi. Lakini kila nilipoinua macho nilikuwa nauona ule ubao mweusi, safi, hauna hata vumbi la chaki, na ulinikera kuliko kama ungekuwa unasema. Mzee Kasiani alikuwa amefariki mwaka ule. Nilimsikia hata hivyo, akikohoa na kuuliza wiki hii nani kaharibu nini.

Jumamosi Daktari akarudi na turbo aliyoipata Dar, kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani, ameibeba mapajani njia nzima, imefungwa kwenye sweta lake. Wahadhiri walikuwepo, Shabani alikuwepo, na watu wa stendi hawakosekani. Nikamwambia aiweke chini. Nikaenda kwenye ubao, nikachukua chaki ya karakana, ile ile, nikaandika kwa herufi kubwa, maana nilijua nikiandika ndogo nitakuwa najificha. Kisha nikageuka nikasoma.

"Turbo ya Daktari Mbise imeuawa na Mama Halima, kwa kulizima gari likiwa moto, kila Jumamosi. Aliambiwa, hakusikia. Akamsingizia mwenye gari mbele za watu."

Hakuna aliyecheka. Siku zile za karakana tulikuwa tunacheka, nami nilikuwa nimekaa tayari kuchekwa, na kicheko hakikuja. Shabani alikuwa anatazama viatu vyake. Daktari alisogea mpaka karibu na ubao, akasoma taratibu kama vile hakunisikia.

"Mama," akasema, kwa sauti ya chini, "mimi nilijua."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ya moshi. Hata kabla. Lakini nilikuambia mara moja kule Mgeta, na ulivyonijibu sikuona namna ya kukuambia mara ya pili. Wewe ni mkubwa kwangu, na ulikuwa mbele ya watu wako."

Vijana, nimewahi kuangukiwa na gia boksi mguuni. Haikuuma hivyo. Mtu huyu alikubali kuchekwa kwa kosa langu ili mimi nisifedheheke kwenye gereji yangu. Machozi yalinitoka pale pale, na sikuyaficha.

"Naomba unisamehe," nikamwambia.

"Nimeshasamehe. Na turbo hii utaifunga wewe, sina fundi mwingine." Kisha akavuta pumzi. "Ila ufunguo, Mama, kuanzia leo nitazima mwenyewe."

Nikaitikia. Alikuwa na haki. Lakini ninyi hamjui jinsi neno dogo kama lile linavyoweza kukaa na mtu.

Niliifunga turbo ile kwa siku mbili. Nilisafisha njia zote za oili, nikajaza oili mpya kwenye tundu la turbo kwa bomba la sindano kabla ya kuwasha mara ya kwanza, isizunguke kavu hata kwa sekunde. Mfanye hivyo kila mnapofunga turbo. Filimbi likaimba upya. Na wahadhiri hawakuondoka. Mmoja aliniambia kwamba katika maisha yake hajaona fundi anayeandika kosa lake ukutani, na atakuwa mwehu kumwacha. Shabani alinitania kwa jambo hilo mpaka anastaafu.

Tatizo likabaki la dakika mbili. Sina saa, Shabani ana saa iliyosimama, na mtu aliyefika anataka kushuka. Ukimwambia dereva asubiri dakika mbili, anakaa sekunde ishirini, anakuapia ni mbili. Nililifikiria jambo hilo kwa muda, mpaka siku moja mama mmoja wa Matombo alikuja kunisalimia kama tunavyosalimiana kwetu milimani, bila kuacha mtu wala mbuzi. Nikamwomba Daktari atupime kwa saa yake. Dakika mbili na sekunde chache. Nikasema basi, nimepata saa yangu.

Ikawa sheria ya gereji. Gari la turbo likifika, dereva anabaki kwenye kiti, injini inanguruma polepole, na tunasalimiana salamu kamili. Nyumbani, watoto, wazee, shamba, mvua, mgonjwa kama yupo. Hakuna kukatisha. Hata yule kijana wa viatu vyeupe alijifunza kuniuliza habari za shamba, na mwanzoni alikuwa anauliza kama anayejibu mtihani, lakini baadaye alianza kuniletea mbegu za pilipili. Zikiisha salamu nasema, "Zima sasa." Magari yaliyopita kwangu tangu wakati huo hayakurudi na ukoko kwenye turbo. Najivunia hilo kuliko vyeti vyangu vyote, na vyeti ninavyo.

Daktari naye alikuja kila Jumamosi, kwa miaka mingi. Aliketi, tulisalimiana mpaka mwisho, kisha yeye mwenyewe aligeuza ufunguo. Hata nikitaka kulisogeza gari ndani, alilisogeza yeye. Injini yake yote alikuwa ameniachia mkononi, hakuna nati niliyoikaza akairudia. Ufunguo tu. Hatukulizungumza tena, ubao ulifutwa Jumatatu ile kama ilivyo desturi. Ila mimi nilikuwa nasimama pale dirishani na mikono nimeifunga mgongoni, kila mara, nisije nikajisahau.

Mara ya mwisho alikuja mwaka aliostaafu. Macho yake yalikuwa yamechoka, akawa haendeshi tena. Binti yake Neema ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na yeye amekaa pembeni ameshika fimbo. Walikuwa wanahamia kwao Meru, na Filimbi linakwenda nao. Nilisikia mluzi mapema, ule mzuri, haukwaruzi, kwenye turbo niliyoifunga mimi. Nikasimama getini na goti langu.

"Shikamoo Mama," akasema Neema, bila kugusa ufunguo. Akaniuliza nimeamkaje. Akaniuliza goti, Halima, wajukuu, shamba la Mgeta. Alikuwa amefundishwa, hakuruka kitu. Injini inanguruma polepole. Nami nikamuuliza ya kwake yote. Zilipoisha, nikangoja azime, mikono yangu mgongoni kama kawaida.

Neema akamtazama baba yake. Daktari akageuza uso kuelekea sauti yangu.

"Mama Halima," akasema, "leo zima wewe."

Nikautoa mkono nyuma. Nikaupitisha dirishani, taratibu, mpaka vidole vikaufikia ufunguo. Ulikuwa unatetemeka pamoja na injini.

"Bado," nikamwambia. "Hujaniambia Meru mvua zikoje."

Akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. Kisha akanieleza yote, mvua, kahawa, migomba, mpaka ng'ombe wa jirani aliyevunja uzio, na mimi mkono wangu uko pale pale kwenye ufunguo, namsikiliza. Alipomaliza, nikazima.